Kifo cha Adui katika Filamu za Bunilizi ya Kisayansi: Na Waliomezwa Je?

Mtazamaji wa kibanda cha video mjini Bungoma huingia na kanuni mbili kichwani: steringi hafi, na adui sharti afe. Kanuni ya kwanza imezungumzwa mno. Makala haya yanashughulikia ya pili, hasa inavyotekelezwa katika filamu za bunilizi ya kisayansi, yaani zile ambazo migogoro yake huzaliwa na mashine, maabara, sayari za mbali au wakati ujao. Swali letu si iwapo adui anakufa. Tunauliza anauawa na nini, na kifo chake kinamrejeshea nani kitu gani.

Jambo la kwanza linalobainika ni kwamba adui wa filamu hizi huuawa mara chache kwa mkono mtupu wa shujaa. Aghalabu humalizwa na mashine, mara nyingine na uwezo wake mwenyewe. Katika The Terminator (1984), roboti lililotumwa kutoka wakati ujao linapondwa na shinikizo la kiwandani, na Sarah Connor anabonyeza kitufe tu. Katika filamu ya pili ya mfululizo huo (1991), roboti la zebaki linaishia katika bwawa la chuma kilichoyeyushwa. Mfalme Palpatine wa Return of the Jedi (1983) anatupwa shimoni na Darth Vader, mtumishi aliyemlea mwenyewe. Aliporejeshwa mwaka 2019 katika The Rise of Skywalker, umeme aliokuwa akiurusha ulirudishwa ukamteketeza. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu moja ni ya kihistoria. Kanuni za utayarishaji wa filamu za Marekani, zilizoandikwa mwaka 1930 na kutekelezwa kwa ukali kuanzia 1934 hadi 1968, zilikataza huruma ya mtazamaji kuelekezwa upande wa uhalifu, na hazikuruhusu kisasi kihalalishwe katika hadithi za nyakati za kisasa. Mwandishi wa mswada alibanwa pande zote: mwovu aadhibiwe, lakini shujaa asiwe mlipiza kisasi. Shimo, moto na mtambo ulioharibika vikawa wauaji wasio na hatia. Kanuni zilifutwa, mazoea yakabaki. Sababu ya pili ni ya kibiashara: adui ambaye maiti yake haikuonekana anaweza kufufuliwa filamu inayofuata ikihitajika. Palpatine ni shahidi.

Kuna pia mbinu ya udhaifu wa siri, ambayo msomaji wa fasihi ya Kiswahili haihitaji kufundishwa. Fumo Liongo hakuweza kuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeitumia alikuwa mwanawe. Ngome kubwa ya angani katika Star Wars (1977) inalipuliwa kupitia tundu dogo la kutolea joto. Wavamizi kutoka Mirihi katika riwaya ya H. G. Wells, The War of the Worlds (1898), iliyofanywa filamu mwaka 1953 na 2005, wanauawa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Katika Independence Day (1996), vijidudu hivyo vimegeuka kuwa virusi vya kompyuta. Tofauti ni kwamba Liongo tunamlilia, ilhali ngome inapolipuka tunapiga makofi. Mbinu ni ileile. Mwelekeo wa huruma ndio uliobadilika.

Si kila kifo hupigiwa makofi. Kompyuta HAL katika 2001: A Space Odyssey (1968) inang'olewa kumbukumbu kipande kwa kipande huku ikisihi na kuimba kwa sauti inayozidi kufifia. Roy Batty wa Blade Runner (1982) anamwokoa mwindaji wake, kisha anakufa mvuani kwa kuwa waliomuunda walimpimia miaka minne tu. Killmonger wa Black Panther (2018) anakataa kutibiwa na kuchagua baharini, waliko mababu waliojitosa kutoka merikebuni wasiwe watumwa. Kwa maoni yangu hiki cha mwisho ndicho kifo kizito kuliko vyote vilivyotajwa hapa, kwa sababu adui anakufa akiwa na hoja ambayo shujaa hana jibu lake kamili.

Hata hivyo, kigezo kinachofaa zaidi kupimia vifo hivi tunacho nyumbani. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki zimwi, ambalo Wabukusu huliita linani, humeza watu na mifugo yao. Linapozidiwa huagiza likatwe kidole cha mwisho, na kidole kikikatwa waliomezwa hutoka wakiwa hai. Kifo cha zimwi si adhabu tu. Ni mlango. Mtambaji akimaliza kwa kuliua bila kuwatoa watu, hadhira ya watoto itamdai mwisho.

Simulizi ya Mango, shujaa wa Wabukusu, ina sura nyingine. Joka alilolivizia pangoni na kulikata kichwa lilikuwa likiua, si kumeza na kuhifadhi, kwa hiyo hakukuwa na wa kurejeshwa. Lakini hapo pia kuna kilichopatikana: baada ya ushindi huo Mango alitahiriwa, na masimulizi yanaifungamanisha jando ya Wabukusu na tukio hilo. Kichwa kilichokatwa kilizaa mila.

Tukiwa na mizani hiyo, tuitazame Avengers: Endgame (2019). Katika filamu iliyoitangulia, Thanos amefuta nusu ya viumbe vyote ulimwenguni kwa kuchapua vidole, kwa lugha yetu amewameza. Mapema kabisa katika Endgame, Thor anamkata kichwa. Nilikuwa kibandani siku hiyo, na msimulizi alishangilia kwa Kiswahili chenye Sheng nyingi kwa mtindo uliozoeshwa Kenya na DJ Afro, kama Lufufu alivyofanya kwa namna yake Tanzania. Mzee aliyeketi kando yangu hakushangilia. Aliuliza tu, "Na wale watu je?"

Sijasoma uhakiki uliolitia swali la filamu ile katika maneno machache hivyo. Thanos alikuwa ameyaharibu mawe yaliyompa uwezo, hivyo kichwa chake hakikuwa na cha kutoa, na miaka mitano ikapita katika ukiwa. Waliotoweka wanarudishwa baadaye na Hulk, anayeunguza mkono wake kwa kazi hiyo. Thanos mwingine, kutoka wakati uliopita, anageuzwa vumbi na Tony Stark, ambaye kazi hiyo inamuua. (Kanuni ya steringi hafi ilivunjwa hapo, na kibanda kikanyamaza kidogo.) Tendo ambalo ngano hulikamilisha kwa kidole kimoja, filamu imelitenga mara tatu: kuua bila kurejesha, kurejesha bila kuua, kisha kuua tena.

Kwetu jambo hili lina uzito, kwa kuwa wanafunzi wa Kiswahili sasa wanaandika miswada ya aina hii, na katika mingi niliyosoma mtambo hulipuka ukurasa wa mwisho na hadithi ikaishia hapo. Yapo mapito mengine. Katika riwaya ya Katama Mkangi, Walenisi (1995), chombo alichotiwa Dzombo ili afie angani ndicho kinachomfikisha kwenye jamii bora kuliko iliyomhukumu.

Nayo Pumzi (2009), filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, haina adui wa kuua. Vita vya maji vimekwisha, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na kila tone la jasho na mkojo husafishwa likanywewa tena. Asha, mhifadhi wa makumbusho, anapata udongo wenye uhai na kuotesha mbegu ndani yake. Baraza linamnyima ruhusa ya kutoka. Anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche, anaunywesha maji yake ya mwisho na jasho lake, kisha anajilaza aukinge na jua. Mti unaota alipolala. Msimulizi wa kibandani angepata taabu na filamu hii, kwani hakuna anayeanguka ila shujaa. Baraza lililomnyima ruhusa bado liko ndani ya kuta zake filamu inapokwisha.