Waliolikata Daraja Mchana Kweupe

Aprili 2022, katika kijiji cha Amiyawar, jimbo la Bihar nchini India, walifika watu waliojitambulisha kuwa maofisa wa idara ya umwagiliaji. Walikuja na katapila na mitungi ya gesi ya kukatia vyuma. Walifanya kazi siku tatu, mchana kweupe. Walipoondoka, daraja la chuma la urefu wa mita 18 hivi, lililojengwa juu ya mfereji mwaka 1972, halikuwapo tena. Lilikatwa vipande vipande, likapakiwa kama chuma chakavu. Watu walipita, wakatazama, wakaendelea na shughuli zao.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na mimi kicheko hicho kinanisikitisha, kwa sababu watu wa Amiyawar hawakuwa wajinga. Daraja lile lilikuwa bovu, halipitiwi tena, na wanakijiji walikwisha kuomba liondolewe. Walipoziona mashine, waliona ombi lao limejibiwa. Wezi hawakulazimika kueleza mengi. Maelezo yalikuwa tayari vichwani mwa watazamaji.

Tunaofanya kazi ya ulinzi wa mali huzungumzia sana sare bandia na vitambulisho vya kughushi. Vyote hivyo vipo, lakini hufungua mlango tu. Anayeukamilisha uongo ni yule anayetazama, maana binadamu akiona kazi inafanyika huitafutia sababu mwenyewe, na sababu ya kwanza inayomjia huwa nzuri.

Jumatatu, Agosti 21, 1911, Vincenzo Peruggia alitoka na mchoro wa Mona Lisa katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Alivaa joho jeupe kama la wafanyakazi wa pale. Alilijua jumba hilo, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi katika kampuni iliyotengeneza makasha ya vioo ya kukingia michoro. Aliposhindwa kuufungua mlango wa ngazi, fundi bomba aliyekuwa akipita alimsaidia kuufungua, kama ambavyo mfanyakazi yeyote angemsaidia mwenzake. Kesho yake mchoraji mmoja alipouliza mbona ukuta u mtupu, walinzi walidhani mchoro umepelekwa kupigwa picha. Hakuna aliyewaambia hivyo, walijijibu wenyewe. Ilipita zaidi ya miaka miwili kabla haujapatikana, Desemba 1913, mjini Florence.

Jumba hilohilo liliibiwa tena Oktoba 19, 2025. Safari hii wezi walileta lori lenye ngazi ya kupandishia mizigo, la aina inayotumika kuhamishia samani za ghorofani. Waliweka koni barabarani na kuvaa vizibao vya manjano vya mafundi. Asubuhi, jumba likiwa limeshafunguliwa kwa wageni, walipanda hadi dirishani na kuondoka na vito vilivyokadiriwa kufikia thamani ya euro milioni 88. Vizibao na koni havikuwapa nguvu ya kuvunja kioo. Viliwapa zile dakika chache ambazo mpita njia huzitumia kuwaza kwamba kuna matengenezo.

Mwanasaikolojia Leonard Bickman aliyapima haya mitaani Brooklyn, New York, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974. Mtu mmoja aliwaagiza wapita njia mambo madogo, kama kuokota mfuko uliotupwa chini au kumpa mtu mwingine sarafu ya kulipia maegesho. Wakati mwingine alivaa nguo za kawaida, wakati mwingine sare ya muuza maziwa au sare ya mlinzi. Mwenye sare ya mlinzi ndiye aliyetiiwa zaidi, hata pale alipotoa agizo kisha akaondoka asione kama limetekelezwa. Naye hakuwa na mamlaka yoyote juu ya watu wale.

Kwetu Tanzania, vishoka wa umeme wanaifahamu hali hii vizuri. Mtaa umekaa gizani, kila mtu anangoja mafundi. Anatokea mtu na ovaroli, ngazi begani, mkanda wa vifaa kiunoni. Nani atamsimamisha? Tena kwetu kumwuliza mtu kitambulisho huonekana kama kumshutumu. Tumelelewa kumpokea mgeni na kumdhania mema, na mimi nisingependa tuupoteze utu huo. Ndiyo maana sipendi ushauri wa kumshuku kila mtu: hautekelezeki, na unawaumiza mafundi waaminifu ambao ndio wengi.

Kinachofaa ni utaratibu mmoja kwa wote, usiotegemea sura wala lugha ya anayebisha hodi. Kitambulisho pekee hakitoshi. Mwaka 2012 huko Jamhuri ya Czech, wezi walionyesha karatasi za kughushi kwamba wametumwa kubomoa daraja la waenda kwa miguu, wakaondoka na tani 10 za chuma. Karatasi ilikuwepo, ila ililetwa na mwizi mwenyewe. Kwa hiyo uthibitisho upite njia ambayo mgeni hakuja nayo: piga namba iliyo kwenye ankara yako ya zamani, usipige aliyokutajia yeye, na geti libaki limefungwa mpaka ujibiwe. Kwa mali ya umma, mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa apate barua kabla ya mashine kufika. Nayo ithibitishwe na zaidi ya mtu mmoja, maana katika kesi ya Bihar polisi walimkamata pia ofisa wa idara ya umwagiliaji yenyewe.

Yote haya yanaishia mikononi mwa mlinzi wa getini, na hapo ndipo tunapoharibu. Mlinzi analipwa kidogo, anasimama juani. Siku anapomzuia mhandisi wa kweli kwa dakika kumi ili apige simu, anafokewa: “Unanijua mimi ni nani?” Bosi naye, badala ya kumtetea, anamtaka aombe radhi. Mlinzi aliyefokewa hivyo mara moja hatauliza tena, awe amekuja mhandisi au mwizi. Mwajiri anayetaka mali yake iwe salama aandike katika maagizo ya kazi kwamba hakuna fundi anayeingia bila simu ya uthibitisho, hata akiwa ametumwa na bosi mwenyewe. Kisha abandike maagizo hayo getini, na siku ya kwanza yeye ndiye asimamishwe pamoja na fundi wake, mbele ya wafanyakazi wote, akisubiri simu ipokewe.