Kasenga: Uvuvi ukifungwa, mota ya boti isiachwe na maji ya mto ndani

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi kwenye mto Luapula na ziwa Moero ili samaki wapate kuzaa. Upande wa Kongo pia, viongozi hutangaza kufungwa kwa uvuvi. Katika Kasenga, mji wa wavuvi ulio karibu kilomita 200 kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, mwenye boti hubaki na mota isiyofanya kazi katikati ya mvua. Mota ya mazutu iliyoachwa hivyo bila kutunzwa inaweza kukataa kuwaka siku uvuvi unapofunguliwa, au mbaya zaidi, kuzimika katikati ya mto ikiwa na watu.

Katika nchi za baridi kali kama Kanada, wenye boti huitayarisha mota kabla ya baridi kuingia. Maji yakigeuka barafu huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9, na nguvu hiyo hupasua chuma cha mota. Ndiyo sababu wanayatoa maji na kutia antijeli. Ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi, antijeli haigandi hadi karibu digrii 37 chini ya sifuri.

Kasenga haina barafu, na kwa hiyo wengine wanaona antijeli ni hasara ya bure. Lakini kazi yake si kuzuia baridi peke yake. Ina dawa za kuzuia kutu, na inafanya maji yachelewe kuchemka wakati mota inafanya kazi nzito. Maji matupu ya mto huleta matope na kutu, na hivyo huziba njia ndogo ambamo mota inapozewa.

Mota nyingi za boti zina njia mbili za maji. Moja imefungwa: maji yenye antijeli huzunguka ndani tu. Nyingine huvuta maji ya mto na kuyarudisha mtoni. Kabla ya kuegesha boti, njia ya mto isafishwe kwa maji safi, kisha itolewe maji yote. Katika hali ya hewa ya Kasenga haihitaji antijeli. Antijeli ibaki katika njia iliyofungwa, na ibadilishwe kwa muda ulioandikwa na watengenezaji wake, kwa sababu dawa ya kutu huisha nguvu.

Mambo mengine hayadai pesa nyingi. Mafuta ya mota yaliyotumika yana asidi inayokula chuma, basi yabadilishwe kabla ya kuegesha, si baada. Tangi ya mazutu ijazwe, kwani tangi yenye nafasi hukusanya unyevu, na maji ndani ya mazutu huzaa vijidudu vinavyoziba filta. Betri itolewe waya, na bomba la moshi lizibwe ili mvua isiingie.

Hatari kubwa iko kwenye antijeli ya zamani. Ile ya kawaida imetengenezwa na etileni glikoli, sumu yenye ladha tamu. Karibu mililita 100, chini ya nusu ya kikombe, zinaweza kumuua mtu mzima. Kwa mtoto, mbuzi au mbwa, kidogo zaidi kinatosha. Isimwagwe kando ya mto ambao watu wanachota maji ya kunywa, wala isiwekwe kwenye chupa ya soda. Iwekwe kwenye bidoni iliyofungwa vizuri na kuandikwa SUMU, mbali na watoto. Aliyeinywa apelekwe hospitali mara moja, hata kama bado anajisikia vizuri, kwa maana figo huharibika baadaye.

Uvuvi ukifunguliwa, mota iwashwe kwanza boti ikiwa bado imefungwa kamba. Kama maji ya mto hayatoki kwenye bomba lake ndani ya dakika moja, izimwe na fundi aitwe. Safari ingoje.