Ruhusa umetoa zote, ukurasa bado haufunguki

Juzi nilikuwa Nairobi kwa mpwa wangu, mtaa wa Umoja. Nilipanda treni Mombasa nikijua naenda kupumzika. Chai haijapoa, kijana ashaniwekea kompyuta mapajani. "Mjomba, hii kitu imeninyima usingizi siku tatu."

Ana duka la saiba, na ndani yake seva ndogo ya Rocky Linux iliyoweka hesabu za chama cha kina mama wa pale: michango, mikopo, namba za simu na za vitambulisho. Ukurasa ulikuwa ukijibu 403, yaani umekatazwa. Alikuwa ameshatoa ruhusa ya 777 kwa kila faili, kila mtu asome, aandike, afanye atakalo. Wapi! Marafiki zake wakamwambia azime SELinux, maana "kila mtu huizima."

Nikamwambia ngoja kwanza.

SELinux ilianzia kwa Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lililoitoa kwa umma Disemba 2000. Ichukulie kama soja wa geti la ploti. Ruhusa za kawaida ni ufunguo wa nyumba: unao au huna. Soja hajali ufunguo wako, yeye hutazama kadi. Kila programu ina lebo na kila faili lina lebo, na lebo zisipokubaliana mlango haufunguki, hata 777 iwe imeandikwa kwa wino wa dhahabu.

Kujua kama ni yeye anayezuia, andika setenforce 0. Soja hatafukuzwa, ila ataacha kuzuia na kuendelea kuandika daftarini. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Basi tukamrudisha kazini kwa setenforce 1, tukasoma daftari lake: ausearch -m avc -ts recent. Neno la kutafuta humo ni denied.

Kosa lilikuwa dogo. Kijana alitengeneza kurasa zake kwenye folda ya nyumbani, kisha akazihamisha kwa mv hadi /var/www/html. Faili likihamishwa kwa mv huenda na lebo yake ya zamani. Likinakiliwa kwa cp kwa kawaida huchukua lebo ya pale linapofikia. Amri ya ls -Z ilionyesha user_home_t mahali palipotakiwa httpd_sys_content_t. Dawa yake ni mstari mmoja:

restorecon -Rv /var/www/html

Ukurasa ukaja, alhamdulillahi. Lakini orodha ya michango ikawa tupu, kwa sababu hifadhidata iko kwenye kompyuta nyingine hapo rafuni, na programu ya wavuti hairuhusiwi kuifikia kwa mtandao mpaka useme: setsebool -P httpd_can_network_connect_db on. Hiyo -P usiisahau. Bila yake, stima ikikatika (na Umoja hukatika) seva ikiwaka utaanza upya kukuna kichwa.

Kijana akaniuliza, si ingekuwa rahisi kuzima tu? Ingekuwa. Lakini mwizi akipata tundu kwenye programu ya wavuti, soja hayupo, atazurura kila programu hiyo inapoweza kufika. Soja akiwepo, mwizi hubanwa ndani ya lebo ya programu ile. Na hapa si picha za harusi tunazolinda, ni vitambulisho vya watu na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na haimsazi mwenye saiba kwa kuwa duka lake ni dogo.

Kilichobaki kilikuwa ile 777. Tukairudisha folda 755 na faili 644. Kisha akampigia katibu wa chama, mama mmoja wa ghorofa ya tatu, ajaribu kwa simu yake. Akafungua, akanyamaza kidogo, kisha akasema mchango wake wa mwezi uliopita haumo.

Hilo halikuwa la SELinux. Kijana alisahau kuuandika.