Jambia la Firauni Lililopimwa Pasipo Kukwaruzwa

Sonara akiletewa pete asiyoijua asili yake, huisugua juu ya jiwe lake la kujaribia, akatia dawa, akatazama rangi. Pete hupungua kidogo, wala mwenyewe haoni hasara. Lakini je, msomaji, ikiwa kitu chenyewe ni kimoja tu duniani, nacho kimelala kaburini zaidi ya miaka 3,000? Nani atakayethubutu kukikwaruza?

Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu ya jambia la Tutankhamun, mfalme kijana katika Mafirauni wa Misri. Kaburi lake, karibu na mji wa Luxor, lilivumbuliwa na Mwingereza Howard Carter mwaka 1922. Mwaka 1925 vilipofunguliwa vitambaa vilivyoizonga maiti, likaonekana jambia pajani: ala ya dhahabu, mpini wa dhahabu, na ubapa wa chuma. Ajabu ilikuwa hicho chuma. Wamisri wa zama zile walikuwa mabingwa wa dhahabu na shaba, lakini kazi ya kuyeyusha chuma kutoka katika mawe hawakuwa wameizoea. Basi kilitoka wapi? Wako waliosema kimeanguka kutoka angani, yaani ni cha kimondo. Vipimo vya kwanza havikupatana, na ubishi ukaendelea miaka mingi.

Mwaka 2016 wataalamu wa Italia na Misri walitoa jawabu. Walitumia chombo kidogo cha kuchukulika, kitoacho miali ya eksirei. Miali hiyo ikiipiga madini, kila madini hurudisha miali yake yenyewe isiyofanana na ya mwenziwe, kama mtu gizani ajulikanavyo kwa sauti. Wakapata nikeli karibu 11 katika mia, na kobalti kidogo. Chuma cha mawe ya ardhini kwa kawaida nikeli yake haizidi 4 katika mia. Hesabu ile ni ya vimondo. Na jambia halikupata hata mkwaruzo mmoja.

Kimondo cha Mbozi, katika Tanzania, nacho ni chuma chenye nikeli. Hicho kilikatwa kipande kwa msumeno ili kichunguzwe. Kitu cha tani nyingi chastahimili msumeno. Jambia la kushikwa mkononi halistahimili.

Mwaka 2020 wakaenda Cairo Wajapani wa chuo cha Chiba, wakalipiga jambia miali sehemu baada ya sehemu, mithili ya achoraye ramani, na matokeo yakatolewa mwaka 2022. Waliona ndani ya chuma mistari ya nikeli iliyopishana, ambayo huzaliwa katika vimondo vinapopoa polepole mno kwa mamilioni ya miaka. Moto mkali huifuta mistari hiyo. Kwa hiyo wakajua kuwa mhunzi alikifua chuma kwa moto wa kadiri, usiofika digrii 950. Hebu fikiri: mhunzi amekufa, karakana yake haijulikani ilipo, na moto wake umepimwa!

Mpinini walikuta dalili za chokaa iliyoshikizia mapambo, hali Wamisri wa wakati ule walitumia jasi. Tena ziko barua za kale, zilizoandikwa juu ya udongo, zitajazo jambia la chuma katika zawadi ambazo mfalme wa Mitanni, kaskazini ya Sham, alimpelekea Amenhotep wa Tatu, babu yake Tutankhamun. Huenda basi likawa ni jambia la urithi. Nasema huenda, kwa kuwa miali hutambua kitu kimefanywa kwa nini, tena ya juu juu, wala haisemi nani alimpa nani.