Chalinze: Nyuma ya Njia Panda

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kupita Chalinze mara nyingi. Basi litokalo Dar es Salaam husimama pale baada ya kilomita mia moja na kitu, wachuuzi wakalizunguka na mayai, mahindi ya kuchoma na machungwa. Likishika mkono wa kulia laelekea Segera, na kutoka huko Tanga au Moshi. Likinyoosha mbele lapita Ubena na kuingia Morogoro. Dakika chache tu, kisha dereva apiga honi. Wengi wetu twalijua jimbo zima kwa dakika hizo.

Nyuma ya vibanda vya barabarani limetanda jimbo kubwa. Laanzia Ubena, mpakani mwa Morogoro, likapita Msoga, Lugoba, Msata na Kiwangwa yenye mananasi, hata Mkange, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005, ambako tembo huteremka mpaka ufukweni. Wenyeji wake ni Wakwere, Wazigua na Wadoe, watu wa ukoo wa mama, ambao kwa mila zao shamba laweza kutoka kwa mjomba likaenda kwa mpwa. Baadaye wakaja vibarua wa mkonge kutoka mikoa ya mbali, na wafugaji wa Kimaasai na Kibarbaig waliofuata nyasi na maji.

Kisiasa, jimbo hili lina mazoea yake. Katika uchaguzi wa 1965 wapiga kura wa nchi hii waliletewa wagombea wawili wa chama kimoja, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. (Wakulima wengine, yasemekana, waliona jembe ndilo lenye baraka.) Vyama vingi viliruhusiwa mwaka 1992, lakini tangu uchaguzi wa 1995 Chalinze haijapata kumpeleka Bungeni mbunge asiyekuwa wa CCM. Ndugu Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, aliliwakilisha tangu 1995 hadi alipochaguliwa kuwa Rais mwaka 2005. Alipofariki mbunge Said Bwanamdogo mwaka 2014, uchaguzi mdogo ulimpa kiti Ridhiwani Kikwete, mwana wa Rais. Kwa maoni yangu, shindano lenye jasho huwa ndani ya chama, kwenye kura za maoni; siku ya uchaguzi wenyewe mambo mengi huwa yamekwisha. Je, mwananchi asiye na kadi atoe wapi sauti yake? Swali hilo si dogo, na wazee wa huko hulijibu kwa njia yao: humpima mbunge kwa maji.

Nawe hapa yakuhusu. Dar es Salaam yanywa maji ya mto Ruvu, kutoka mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa 1959 na ule wa Ruvu Chini wa miaka ya 1970. Mto huo wapita Vigwaza, ndani ya jimbo hili. Kwa miaka mingi mama wa Chalinze alijitwika ndoo ya maji ya bwawa, huku mto ukipita kwenda kujaza mabomba ya mjini. Mradi wao mkubwa, uvutao maji mto Wami, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Furaha ilikuwa kubwa, na manung'uniko nayo, kwani mara kwa mara mabomba yalikauka. Mkaa uivishao maharage yako, sehemu yake hutoka misitu hiyo hiyo.

Jambo la pili ni ardhi, nalo ndilo zito zaidi. Ng'ombe akiingia katika mahindi, ugomvi wa watu wawili hugeuka ugomvi wa vijiji viwili, na damu imekwisha kumwagika. Lakini mgeni wa tatu hachungi wala halimi: ni sisi wa mjini tunaonunua eka kumi, eka ishirini, tukazungushia seng'enge na kungoja bei ipande. Mwenye jembe huzunguka ua wetu akitafuta pa kulima, na mwenye ng'ombe huzunguka vivyo hivyo akitafuta pa kunywesha.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haimpi mwenyekiti wa kijiji mamlaka ya kugawa ardhi peke yake. Halmashauri ya kijiji yenyewe haiwezi kugawa bila idhini ya mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18: Mkwere, Mmaasai, mjukuu wa kibarua wa mkonge, mwanamke kwa mwanamume. Kwa shamba la kijiji, hicho ndicho kikao kikubwa kuliko cha mbunge. Fungua sanduku, ndugu msomaji, utazame karatasi uliyopewa uliponunua shamba lako. Muhtasari wa mkutano huo umo, au muna sahihi ya mtu mmoja tu na mhuri?