Mbuzi Mmoja wa Mjane na Elimu ya Ibn al-Haytham



Mwaka uliopita niliitwa Merti, mji wa ndugu zetu Waborana ulio kando ya mto Ewaso Nyiro katika kaunti ya Isiolo, nikae na wanafunzi wa chuo kwa siku chache. Siku ya pili, baada ya Swala ya Alasiri, nililetewa shauri la mirathi. Marehemu alikuwa ameacha mke, mama yake mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Madeni yalikwisha kulipwa, wasia haukuwapo, na mali iliyosalia ilikuwa mbuzi 72. Wazee walikwisha kuwagawa: mke mbuzi 8, mama 12, binti 17, na kijana 35. Jumla ilitimia 72, na wote wakaridhika isipokuwa yule binti, mwanafunzi wa kidato cha pili. Yeye alisema kwamba mama yake amepungukiwa na mbuzi mmoja. Ami yake akamkemea kwamba mtoto wa kike hana kazi na hesabu ya mali.

Nikamwomba anieleze. Akachutama, akaandika kwa kidole mchangani. "Shekhe," akasema, "fungu la mama ni thumni, yaani sehemu moja katika sehemu nane. Si mbuzi wanane. Mbuzi 72 ukiwagawa kwa nane ni tisa."

Maneno yake yalikuwa haki. Ami yake hakuwa dhalimu; alilisikia neno thumni akalishika kuwa ni nane. Hata hivyo kosa la sikio lilimtoa mjane mbuzi wake mmoja, na katika nchi ya ukame mbuzi mmoja ni maziwa ya nyumba na ni akiba ya siku ya ugonjwa. Wazee walihesabu upya, na mbuzi akarudishwa kutoka fungu la kijana.

Tazameni hesabu hiyo ilivyo. Kwa kuwa marehemu ana watoto, Sura ya An-Nisaa imempa mke thumni na mama sudusi, yaani moja katika sita. Namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa nane na kwa sita pasi na baki ni 24. Katika 24, mke hupata 3, mama 4, na zinasalia 17 za watoto. Kijana ana mafungu mawili na binti fungu moja, hivyo 17 zigawanywe kwa tatu. Lakini 17 kwa tatu hubakisha mbili. Hapo wanazuoni wa mirathi huizidisha 24 kwa tatu, wakapata 72, na kazi hiyo huiita tas-hihi. Sasa mke ana 9, mama 12, kijana 34, na binti 17. Hakuna mbuzi wa kukatwa vipande wala wa kugombewa.

Mtaona kwamba ugumu wote umo katika baki. Elimu ya baki si ngeni Merti. Waborana wana kalenda yao ya kale yenye majina 27 ya siku, ambayo Asmarom Legesse, mwanazuoni wa Eritrea, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973. Mwezi mwandamo una siku 29 au 30. Majina 27 yakiisha, siku mbili au tatu husalia, na mwezi ufuatao huanza kwa jina jingine. Wajuzi wa kalenda hiyo huyashika mabaki hayo kichwani mwaka hata mwaka.

Nilipomwona binti yule akiandika mchangani, nilimkumbuka mwanachuoni wetu aliyeifanya elimu ya baki kuwa uchunguzi wenye kanuni: Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra karibu na mwaka 354 Hijria, sawa na 965 Miladia, akafariki Cairo karibu na mwaka 430 Hijria, sawa na 1040. Wazungu walimwita Alhazen, na wengi humjua kwa kitabu chake cha elimu ya nuru na macho, Kitab al-Manazir.

Wanahistoria wanasimulia kwamba alisema angeweza kuyadhibiti maji ya Nile, mto uletao maji kutoka nchi zetu hizi, tangu Jinja hadi Misri. Khalifa al-Hakim wa Kifatimi akamwita. Ibn al-Haytham akasafiri hadi upande wa Aswan, akayaona majengo ya watu wa kale, akatambua kwamba wajenzi wale wangalifanya kazi hiyo kama ingaliwezekana. Alirudi akakiri kosa lake. Kwa kuiogopa ghadhabu ya mtawala, inasimuliwa kwamba alijifanya mwendawazimu mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baada ya hapo aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akila kwa jasho la kunakili vitabu vya hesabu na falaki.

Miongoni mwa maswali aliyoyatatua ni hili, nami nalieleza kwa lugha ya Merti. Mfugaji akiwapanga mbuzi wake wawili wawili, anabaki mmoja. Akiwapanga watatu watatu, wanne wanne, watano watano, au sita sita, daima anabaki mmoja. Akiwapanga saba saba, habaki hata mmoja. Je, ana mbuzi wangapi?

Ibn al-Haytham alitoa njia mbili. Ya kwanza, zidisha moja kwa mbili, kwa tatu, kwa nne, kwa tano, kwa sita, utapata 720. Ongeza moja, iwe 721, nayo ni saba mara 103. Ya pili, tafuta namba ndogo inayogawanyika kwa mbili hadi sita, ambayo ni 60; kisha angalia 61, 121, 181, 241, mpaka ufike 301, nayo ni saba mara 43. Hilo ndilo jibu dogo kuliko yote, na ukiongeza 420 utaifikia ile 721.

Hakuishia kwenye jibu. Alieleza kwamba njia ya kwanza ni sifa ya kila namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Jaribuni kwa tano: moja hadi nne zikizidishwa ni 24, ongeza moja ni 25, nayo yagawanyika kwa tano. Jaribuni kwa sita, isiyo tasa: 120 na moja ni 121, nayo haigawanyiki kwa sita. Ulaya kanuni hiyo ilichapishwa mwaka 1770 kwa jina la Wilson, na Lagrange akaithibitisha mwaka 1771. Zilikuwa zimepita zaidi ya miaka mia saba tangu Ibn al-Haytham aitumie. Alizichunguza pia namba kamilifu kama 6 na 28, ambazo vigawo vyake, pasi na namba yenyewe, vikijumlishwa hurudi kuwa namba ile ile. Uthibitisho aliouanza katika jambo hilo haukumtimia. Ulikuja kukamilishwa na Euler katika karne ya 18.

Dada zangu na wazazi wenzangu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fungu la mjane na la yatima limewekwa na Mola wetu, lakini hufika mkononi kwa hesabu ya binadamu, na binadamu hukosea. Nyumba yenye binti ajuaye hesabu ina shahidi wa haki ndani yake. Msimwambie binti kwamba hesabu si yake, kwani siku moja fungu litakalopungua litakuwa la mama yake, au lake mwenyewe.

Jamaa wa binti yule walikuwa wakishauriana kumwachisha shule ili achunge mifugo. Kabla sijaondoka nilizungumza na ami yake. Hakunipa ahadi, alisema ataitazama mvua. Nilimwambia kwamba mvua ni ya Mwenyezi Mungu, ila mbuzi wa mjane alirudi kwa kidole cha mtoto huyu. Alinyamaza, akaitikia kwa kichwa.

Mola awajaalie mabinti zetu elimu yenye manufaa, na atuepushe na kula haki ya mjane kwa kujua na kwa kutojua. Amin.