Kikombe kimoja cha maziwa nyumbani: nani akinywe?



Katika vikundi vyetu swali hili linarudi kila mara: maziwa ya ng'ombe yanajenga jamaa zetu, ao yanaleta magonjwa? Mama mmoja anasema maziwa ndiyo nguvu ya mtoto. Mwingine anasema yanaharibu tumbo. Wa tatu anasema yanaleta homa isiyopona. Tunasema wote watatu wanashika kipande cha ukweli. Lakini kwa jamaa nyingi za kwetu Kivu, ambako litra moja ya maziwa inahesabiwa kwa franka za siku nzima, kuna swali lingine linalotangulia: tukipata kikombe kimoja tu, nani akinywe?

Tukichungua vizuri, kikombe hicho mara nyingi kinakwenda katika chai ya baba, ao katika chupa ya mtoto wa miezi mitatu. Na mtoto wa miaka miwili anakaa pembeni na ugali wake na sombe kidogo. Hapo ndipo tunakosea njia.

Maziwa yana nini?

Sehemu kubwa ya maziwa ni maji, karibu 87 kwa mia. Lakini kikombe cha mililita 250 kina gramu 8 hivi za protini, ile inayojenga mwili, na miligramu 300 hivi za kalsiamu, ile inayokomaza mifupa na meno. Yana pia mafuta, vitamini A na vitamini B12. Kitu kimoja karibu hakimo: madini ya chuma, yanayotengeneza damu. Kwa hiyo maziwa ni chakula kizuri, lakini hayatoshi peke yake.

Wa kwanza: mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano

Mwaka 1935 daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi inayoitwa leo Ghana, aliandika juu ya ugonjwa wa watoto ambao wenyeji waliuita kwashiorkor. Jina hilo lilimaanisha ugonjwa wa mtoto anayeondolewa ziwani wakati mdogo wake anapofika. Sisi kwetu tunauita bwaki. Miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu na kukatika, ngozi inabanduka, mtoto anakosa furaha na hamu ya kula. Mara nyingi unamshika mtoto aliyeacha ziwa la mama akabaki na ugali ao muhogo mtupu.

Huyo ndiye mwenye haki ya kwanza ya kile kikombe. Kikombe kimoja kwa siku, ao viwili kama mfuko unaruhusu, na uji wake, maharagwe yake na mboga zake. Tusipitishe nusu litra kwa siku, maana tumbo likijaa maziwa mtoto anakataa chakula, na damu yake inapunguka.

Lakini mtoto ambaye tayari anavimba miguu asitibiwe nyumbani kwa maziwa. Apelekwe upesi kwenye kituo cha afya. Kule wanatumia maziwa yaliyotengenezwa kwa kipimo, pamoja na sukari, mafuta na madini, na wanaanza kidogo kidogo. Mwili uliodhoofika ukilishwa chakula kingi kwa mara moja, mtoto anaweza kufa.

Mtoto mchanga asipewe

Mpaka miezi 6, mtoto anyonye maziwa ya mama tu, hata maji asipewe. Maziwa ya ng'ombe yametengenezwa kwa ndama. Yana protini na chumvi nyingi kupita nguvu ya figo za mtoto mchanga, na yanaweza kutoa damu kidogo kidogo katika matumbo yake bila mama kuona. Wengine wanayaongeza maji ili yawe mepesi: hapo wanaondoa nguvu yake na wanaingiza uchafu wa maji. Na chupa yenyewe ni ngumu kuosha.

Tunajua mama anayeuza sokoni hawezi kukaa nyumbani siku nzima. Anaweza kukamua maziwa yake asubuhi katika kikombe safi chenye kifuniko, akakiacha mahali penye baridi. Yanakaa vizuri kwa muda wa saa 4. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe ao kijiko, siyo kwa chupa. Toka miezi 6 mtoto aanze uji mzito na vyakula vingine, akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi. Mtoto aliyefiwa na mama, ao ambaye mama yake hawezi kunyonyesha, apelekwe kwa muuguzi ili jamaa waonyeshwe cha kumpa.

Wa pili ni mama mwenye mimba ao anayenyonyesha. Chakula chake kikikosa kalsiamu, mwili wake unaichukua katika mifupa yake mwenyewe. Baba naye hatumnyimi chai yake. Tunamwomba tu angojee watoto wake wanywe kwanza.

Yasiyochemshwa yasinywewe

Maziwa yanayofika Goma kutoka Masisi yanapita mikono mingi: mkamuaji, bidoni, motari, muuzaji. Kuna pia wanaoongeza maji. Na ng'ombe mwenyewe anaweza kuwa mgonjwa bila kuonekana. Katika maziwa mabichi mtu anapata bruseloze, hata kifua kikuu. Bruseloze inaleta homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo, na inaweza kutoa mimba. Wengi wanaifikiri kuwa malaria, wanakunywa dawa ya malaria mara tatu, mara ine, bila kupona. Mgonjwa wa namna hiyo amwambie muuguzi kama amekunywa maziwa mabichi.

Macho na pua haviwezi kutambua maziwa yenye vijidudu. Dawa ni moto. Tuyachemshe mpaka yapande, tuyakoroge, tuyaache yachemke dakika chache tena, halafu tuyafunike katika sufuria ileile. Tusiyarudishe katika bidoni. Wanaosema kuchemsha kunaondoa nguvu ya maziwa wasiogope: vitamini kidogo zinapotea, lakini protini na kalsiamu zinabaki.

Hata maziwa ya kuganda yatoke katika maziwa yaliyochemshwa. Tuyaache yapoe, ndipo tuweke kijiko cha yale yaliyoganda vizuri. Uchungu wa maziwa hauui vijidudu vyote.

Ikiwa tumbo linakataa

Mtu mzima anakunywa maziwa, tumbo linajaa hewa na kuharisha. Si sumu, wala si uchawi. Maziwa yana sukari yake inayoitwa laktoze, na karibu theluthi mbili za watu wazima duniani mwili wao hauisagi tena vizuri kama wakati wa utoto. Katika makabila ya wafugaji wengi wanabaki na uwezo huo. Anayesumbuliwa ajaribu maziwa ya kuganda, maana sehemu ya sukari hiyo imekwisha kuliwa, ao anywe kidogo pamoja na chakula.

Siku isiyo na maziwa

Vita vimepunguza ng'ombe, na bei inapanda. Mama asiyeweza kununua maziwa asijione kuwa ameshindwa kulea. Sambaza za ziwa Kivu ao ndagala, zikiliwa nzima na mifupa yake, zinatoa protini na kalsiamu pia. Tuzisage unga, tuzitie katika uji wa mdogo. Maharagwe, soya, karanga na yai vinamkinga mtoto na bwaki.

Na wale wa likelemba tunawapa neno moja. Wamama watano wakinunua bidoni moja pamoja, wakaichemsha kwa mbabula moja, makala yanatosha na kila mtoto wao anapata kikombe chake. Juma hili, katika mkutano wa kikundi, tuhesabu pamoja: nyumbani kwetu nani yuko kati ya mwaka mmoja na mitano, na kikombe chake kinakwenda kwa nani?